Sanduku la Maua ya Karatasi

Mwanangu, juzi nilipopita kwenu hapo Garsen nilikukuta umechuchumaa barazani, unabandika maua ya karatasi kwenye stuli kuukuu. Nilisimama kukutazama kupita adabu. Ulidhani nimekuja kukukosoa, nikaona ulivyonuna. La, nilikuwa nakuonea fahari. Mkono wako ni mwepesi na mkasi unakutii. Ila ulinirudisha kwenye siku moja ya usichana wangu kule Kilelengwani, na tangu hapo haijanitoka akilini. Acha nikusimulie, gundi yako ikauke.

Mwaka huo mto ulifurika, maji yakakaa ndani ya nyumba yetu hata tukasahau sura ya sakafu. Yalipoondoka, sanduku la marehemu mama lilikuwa zima, lakini lilitia huruma: rangi imebabuka, na alama ya matope imelizunguka pande zote. Nami nilikuwa nimeshaposwa. Sanduku hilo ndilo lililokuwa liende nami kwa mume, libebwe mchana kweupe mbele ya watu. Unayajua macho yetu sisi wanawake siku ya kupeleka vyombo, hayasamehe hata sufuria. Niliogopa watayaona yale matope, wamcheke mama yangu naye yuko kaburini. Nililia sana, sikufichi.

Shangazi Mwanaidi, dada wa baba aliyenilea, hakulia. Alilipiga sanduku msasa mpaka likawa laini, kisha akaja hapo kwenu Garsen kwa wenye maduka kuomba kalenda zilizopita, makasha ya sabuni na karatasi za peremende. Akapika gundi ya unga wa ngano kwa maji ya mwarobaini, mende wasije wakaila. Alikata kila ua na kila jani kwa mkasi mdogo, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo, akabandika huku akiisukuma hewa kwa kitambaa kutoka katikati hadi ukingoni. Sijaona tena mikono kama ile. Katikati ya kifuniko aliweka pambo alilolipenda kuliko yote: jina la Mwenyezi Mungu kwa wino wa dhahabu, alilolikata kwenye kalenda ya msikiti. Alitaka niondoke na baraka, na alilibandika kwa bismillahi.

Vyombo vilikuwa vitoke kesho yake. Vanishi ilikuwa bado imo koponi ndipo Bibi, mama yake mama, alipowasili kutoka Kipini, amechoka, magoti yanamuuma. Nyumba yetu haikuwa na viti vingi. Mgeni wa heshima tulimketisha juu ya sanduku, ndivyo tulivyozoea. Nikamshika mkono nimsaidie. Bibi akainama, akatazama, akasimama tena.

"Siketi hapa," alisema.

"Gundi imekauka, Bibi."

"Si gundi. Mato yangu yangali yaona. Mutamketisha mtu yuu ya jina la Mola?"

Sote tumelikalia sanduku lile tangu utotoni, na hakuna aliyewaza. Shangazi alikuwa amefikiria baraka, akasahau kwamba anapamba kiti. Nilimtazama usoni nikidhani atajitetea, aseme kuanzia leo hili ni la kutazamwa tu. Na angekuwa na sababu, kwa maana kulibandua pambo lile ilikuwa hatari. Likichanika, litakuwa jina hilo tukufu limechanika mikononi mwake, na kifuniko kimeharibika usiku mmoja kabla ya kubebwa.

"Kweli, Mama," Shangazi alimjibu.

Akaenda kutia udhu, akarudi na maji ya uvuguvugu. Alilowesha, akangoja, akainua ukingo kwa ukucha, akalowesha tena. Sisi tulikuwa hata kukohoa tunaogopa. Karatasi ilitoka nzima. Aliianika juu ya sahani safi, na baadaye ikapanda ukutani, juu kabisa, mahali pake.

Katikati ya maua kikabaki kiraka kitupu cha mbao ya mbambakofi, na doa la matope ambalo msasa haukulimaliza. Karatasi nzuri zilikuwa zimekwisha. Nikamwomba abandike hata ya peremende.

"Paache," alisema. "Hapo ndipo mama yako alipokuwa akiketi."

Akapaka vanishi juu ya maua, na juu ya mbao tupu vilevile.

Kesho yake tulipofika na vyombo kwa mume, Bibi akiwa nasi, mama mkwe wangu aliyasifu maua moja moja. Kisha akaweka kiganja pale patupu. "Na hapa je?"

"Hapo ni pa kuketi," Bibi akajibu. Akaketi, akajisogeza, akampa mwenzake nafasi. Wakakaa wawili, wakaanza kuulizana habari za mafuriko na za marehemu mama, na hakuna aliyecheka. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Sasa sikiliza ninalokuusia, mwanangu. Kabla hujashika brashi, jiulize kitu hicho kitatumiwa vipi, na nani atakitumia. Usione haya kuacha alama ya yaliyokipata. Na siku ukiambiwa kweli juu ya kazi unayoipenda, usibishe. Leta maji ya uvuguvugu, uinue polepole, kama Shangazi. Wanaojua kubandika nimewaona wengi, nawe ni mmoja wao. Anayejua kubandua bila kinyongo nilimwona yeye, na mpaka leo nikimkumbuka namwombea pepo.

Mungu akuzidishie ufundi, akupe na moyo wa kukubali kuanza upya. Stuli ikishakauka, nitumie mtu aniite. Nataka niwe wa kwanza kuikalia.