Ingieni na Viatu

Kila asubuhi nasimama mlangoni kama askari, narudia yaleyale: ingieni na viatu. Nimechoka. Mimi niliyebeba zege Dar es Salaam mchana ili nijilipie masomo ya jioni, mtu wa kwanza kwetu Murungu kurudi na stashahada ya kompyuta, kazi yangu sasa ni kuwahimiza watu wazima wavae viatu.

Darasa langu la kompyuta liko Kasulu mjini, chumba kimoja chenye sakafu nyekundu inayong'aa. Mengine niliyowafundisha waliyashika haraka. Nikisema nyoosheni mgongo, wananyoosha. Nikisema pumzisheni macho, wanatazama milima dirishani. Viatu ndivyo vilivyotushinda. Huku kwetu huingii na matope kwenye sakafu ya mtu, sembuse ya mwalimu. Waliviacha nje, wakanawa miguu kwenye beseni, wakaingia peku. Heshima hiyo niliona naistahili, nikaiacha iendelee.

Masika iliyopita, mama mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa usaili wa kuchapa, nafasi ya karani kule Kibondo, aliruka kutoka kwenye benchi ameshika mkono.

"Mwalimu, hii mashine inang'ata!"

Niligusa kasha lake la bati. Kimya.

"Haina kitu, mama."

"Basi imenikataa mimi."

Dada aliyekaa nyuma yake akacheka. "Imezoea vidole laini, siyo vya kupalilia maharage."

Mama akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Usaili ulikuwa umekaribia, na pa kujifunzia pengine hakuwa napo.

Nilikaa kwenye benchi lake. Chini palikuwa na nyayo za maji. Nikatazama miguu yangu: viatu vya Dar, soli nene ya mpira; humo ndani ni mimi tu niliyekuwa sivui viatu. Nikavivua, nikagusa bati kwa mgongo wa kidole. Umeme ukanipiga hadi kwenye kiwiko.

Nikazima mashine zote. Fundi alikuta waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja haujaunganishwa, akauunganisha. Kisha nikamfuata mama sokoni, anakochambua maharage.

"Mwakeye, mama," nikamsalimu kwa Kiha. "Haikukukataa. Ni ule waya, na miguu mibichi."

"Si ulisema haina kitu?"

"Nilikuwa na viatu."

Akavitazama viatu vyangu. "Kumbe stashahada iko kwenye soli!"

Wauzaji wenzake walicheka mpaka nikatamani kurudi Dar.

Kesho yake alikuja na yeboyebo zake za plastiki alizozisugua zikatakata. Kizingitini alisita, akaangalia sakafu, akaniangalia. Nikamwonyesha ndani kwa mkono. Akaingia nazo, akakaa, akagusa kitufe kwa kidole kimoja, akangoja. Mashine ikawaka. Akanyoosha mgongo, akaanza kuchapa.

Nilipogeuka, yule dada wa benchi la nyuma alikuwa ameshainama mlangoni, anavua viatu.