Boti la Mzee Osward na Sikio la Balbina

Balbina alikuwa fundi redio kwenye barabara ya Lumemo, na alisikia kwa sikio moja. La kushoto liliharibika utotoni, baada ya kutoka usaha msimu mzima wa mvua. Mjomba wake aliyemfundisha kazi hakuona kikwazo. "Redio mbovu haisikiki hata kwa mwenye masikio mawili," alisema. Mjomba alipofariki, Balbina alirithi banda, pasi ya kulehemu iliyopashwa kwenye mkaa, na wateja waliokwisha kumzoea.

Jambo moja tu lilimsumbua. Miaka ile ya tisini redio kaseti za spika mbili zilikuwa zimejaa Ifakara, na kila aliyeleta yake alijigamba, "Hii ni sterio, fundi." Balbina akiuliza sterio inasikikaje, mtu alinyoosha mkono huku, akanyoosha kule, kisha akaishia kucheka. Kwake yeye spika mbili zilikuwa kelele mara mbili, basi.

Kiangazi kimoja alikuja mzee Osward. Huyu alikuwa amestaafu udereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, akanunua boti dogo la bati kwa wageni waliokuwa wakifunga kambi yao. Watu wa Kivukoni walilishangaa. Mtumbwi ni wa kuvulia, kivuko ni cha kuvusha watu na magari. Hili la mzee kumpakia mkewe Jumapili baada ya misa, wakapanda na mto na kurudi bila hata kambale mmoja, lilikuwa la nini?

"La kutembea," Osward aliwajibu.

Balbina alimwamkia. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Nataka uniongezee spika kwenye boti. Zilizopo ziko mbele. Mimi nakaa nyuma na injini, sisikii kitu. Mke wangu Eufrasia anaimba na kaseti, mimi namwona midomo tu."

Balbina alicheka, akafunga vifaa vyake kwenye kanga, wakaenda mtoni.

Boti lilikuwa limevutwa ukingoni. Alichukua spika mbili zilizotoka kwenye gari bovu, akazikaza kwa skrubu moja kwa moja kwenye bati, upande huu na upande ule, akavuta waya hadi kwenye redio na betri. Akawasha. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mtu aliyebanwa pua. Besi ilikuwa imepotea kabisa.

Osward aliinamisha kichwa. "Fundi, umeongeza au umepunguza?"

Balbina naye alikuwa akijiuliza hilohilo. Alichomoa spika moja, besi ikarudi. Akairudisha, akachomoa ya pili, besi ikawepo pia. Zote mbili pamoja, ikakimbia. Alitoa betri ya tochi, akaigusisha kwenye waya za spika ya kwanza, na karatasi yake ikaruka nje. Akaigusisha vilevile kwenye ya pili. Karatasi ikazama ndani.

"Tazama, baba! Hii inasukuma na hii inavuta. Zinanyang'anyana upepo."

Aligeuza waya za spika moja, akawasha tena. Besi ikashuka mpaka Osward akajishika kifua, akaanza kutikisa mabega peke yake pale ukingoni.

Jumapili iliyofuata walimwalika kwenye matembezi. Eufrasia alikaa mbele, Osward kwenye injini. Fridolin, mvuvi aliyeujua mto na mafungu yake ya mchanga, alikaa katikati na Balbina kuwaelekeza njia. Walipofika penye maji mapana, Osward alizima injini, akaongeza sauti, wakaacha boti lichukuliwe na maji. Eufrasia aliimba. Safari hii mumewe alimsikia, akampokea kwa sauti ya pili.

Mbele sana, kwenye kona, viboko walikuwa wamelala majini, migongo nje. Ghafla migongo yote ilizama. Maji yakatulia. Kisha vichwa vikaibuka, karibu zaidi kuliko mwanzo, vyote vimeelekea kwenye boti. Dume moja likanguruma, na wengine wakaitikia.

"Zima muziki, mzee!" Fridolin alisema kwa sauti ya chini. "Zima, washa injini, turudi tulikotoka."

Osward alizima, akageukia injini. Injini ilikataa, ikakataa tena, kisha ikashika. Waliwaacha viboko wakiwa wamesimama palepale, wakitazama.

Walipofika mbali, kwenye maji ya kina kifupi, Fridolin alifunga kamba kwenye kisiki. "Mimi hupita pale na redio yangu kila wiki," alisema. "Hawageuki hata siku moja. Leo wamesikia nini?"

"Redio yako unaiweka wapi?" Balbina aliuliza.

"Juu ya ubao, ndani ya mtumbwi."

Balbina alizitazama skrubu zake, zilivyoshika bati, na bati lilivyokaa ndani ya maji. "Baba, hebu washa tena. Kidogo sana, nisikie."

Akainama, akabandika sikio la kulia kwenye sakafu ya boti. Boti zima lilikuwa linaimba. Kumbe wimbo ulikuwa ukishukia majini, huko viboko waliko! Jua lilimpiga machoni, akageuza kichwa upande wa pili, akalaza la kushoto.

Akakaa hivyo muda mrefu. Eufrasia akadhani amezimia.

"Balbina! Una nini?"

"Linasikia," alisema bila kuinua kichwa. Machozi yalikuwa yakitiririkia kwenye bati. "Mama, hili sikio linasikia."

Kesho yake alifungua zile spika, akazihamishia kwenye mbao za viti na kuzikalisha juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli. Viboko hawakujali tena, ingawa Fridolin hakuwahi kuruhusu boti lisogee karibu nao. Daktari wa masikio alipopita mjini, Balbina alimwendea. Daktari alimchungulia, akamwambia kiwambo cha sikio kimetoboka ila ndani kuko hai, ndiyo maana sauti ikipitia mfupani inafika.

Hilo lilimtosha kuanza. Aligundisha bolti kwenye moyo wa spika ndogo, akaigandamiza mfupani nyuma ya sikio la kushoto, na la kulia akalivalisha kisikilizio cha kawaida. Akaweka kaseti. Ngoma zilikuwa huku, gitaa kule, na mwimbaji alisimama mbele ya paji la uso wake, mahali ambapo hapakuwa na spika yoyote. Alirudisha kaseti tena na tena mpaka betri zikalegea. Mteja aliyekuja kuchukua redio yake alimkuta anacheka peke yake.

Habari zikaenea. Mzee mmoja wa Malinyi alikuja kujaribu bolti, hakusikia kitu, na Balbina alibaki siku nyingi akijiuliza kwa nini. Baadaye Eufrasia alimleta dada yake mkubwa, Dativa, kutoka Idete. Bibi huyu alikuwa haongeleshwi tena na watu, walimwonyesha mambo kwa mikono tu. Balbina alimwambia Eufrasia azungumze kwenye kinasa sauti, chochote tu. Eufrasia akamsalimu dada yake kwa Kindamba, akamtajia watoto wote waliozaliwa kwao tangu masikio yake yazibe.

Balbina aligandamiza bolti nyuma ya sikio la Dativa, akabonyeza kaseti.

Bibi alikunja uso. Akaushika mkono wa Balbina usiondoke. Kisha akamgeukia mdogo wake, akasema kwa sauti kubwa iliyofika barabarani:

"Eufrasia, ndiyo wewe? Mbona sauti yako imezeeka hivi?"