Mtepe Usiopumua

Siku niliyoupeleka mtepe wangu Konde naikumbuka vyema, mwanangu, maana niliondoka Wete nimevimba kichwa nikarudi sina pa kuuweka uso.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaishia. Mie nilikuwa seremala pale Jadida, hapohapo Wete, kijana, sijaoa, nimejaa sifa. Nilikuwa nimechonga ndege ya kutua majini, niliyoiona kwenye picha ya gazeti, kwa mti wa msufi, na mabawa yake na miguu yake ya kuelea. Mwenye duka mmoja akaitundika dukani kwake, watu wakawa wanakuja kuitazama tu. Basi nikajiona hakuna kinachonishinda.

Sifa zikamfikia Mzee Khatibu wa Konde, kipofu. Babake alikuwa na mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, hakina hata msumari mmoja, na alipotea nao baharini. Mzee mwenyewe utotoni alimsaidia kukaza zile kamba. Akanitumia salamu kwamba kabla hajafa anataka aushike tena mtepe wa babake, japo mdogo wa kupakatika.

Nikaanza kushona, tundu baada ya tundu, vidole vikachubuka. Wiki nzima, mbao mbili. Nikachoka, nami sikuwa mtu wa subira, n'kwambie kweli. Nikasema moyoni, mzee haoni, atajuaje? Mbao zilizobaki nikaziunga kwa misumari midogo ya viatu, nikafukia vichwa vyake kwa nta, kisha nikapitisha kamba matunduni juujuu, kama pambo tu. Hata wewe mwenye macho usingejua.

Mzee akanipokea kibarazani kwake. Akaupakata, akapapasa tanga la mkeka, akapapasa ile shingo ya mbele. Mie nangoja sifa. Kisha akashika mkono mmoja omo, kule mbele, mmoja tezi, kule nyuma, akaukamua taratibu kama mtu anayekamua nguo. Haukutikisika. Akaukamua tena.

"Mwanangu," akasema, "huu haupumui. Umetia chuma."

Hakupandisha sauti. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Akanieleza kuwa mtepe hufuata wimbi, ukipigwa hujikunja kidogo kisha ukarudi, na kwamba hilo ndilo alilokuwa akilitafuta mikononi mwake, siyo sura. Nikamwomba radhi huku nalia, mtu mzima mie.

Akaniambia ning'oe misumari yote palepale, kisha nimpe sindano na kamba. Na yeye, kipofu yule, akashona ubao mmoja. Subhanallah. Kidole kinatafuta tundu, kinalikuta, sindano inapita, kamba inakazwa. Hakukosea hata mara moja. Miaka sitini hajaigusa kazi ile, na vidole vinaijua. Nikajikuta nimekaa miguuni pake, sijui nimekaa lini.

Nikawa naenda kila Ijumaa baada ya sala, nikashona mbele yake mpaka ukaisha. Siku ya mwisho akaukamua. Mtepe ukajikunja mikononi mwake, kamba zikalia kidogo, ukarudi. Mzee akauinamia, akaunusa, akasema neno moja tu.

"Baba."



Sasa wewe, mwanangu, unachonga mitepe na ndege za kupamba meza za watu, na gundi unayo. Sikukatazi gundi, gundi haina kosa. Ila mtu akikuletea kumbukumbu yake uitengeneze, usimfanyie hila pale unapodhani hatapaona. Pale ndipo atakapokwenda kupashika kwanza. Na ukishakosea, ng'oa mbele yake, usingoje kufika nyumbani.

Mola akutilie nuru katika vidole vyako, akupe kwenye tundu la mwisho subira uliyokuwa nayo kwenye tundu la kwanza, na kila chombo kitokacho mikononi mwako kipumue. Amin.