Wayo, Kimo na Bi Nakato wa Kyebando

Nilikwenda Kampala kwa sababu ya nyayo za akina mama. Nilikuwa mkunga Kwale, na kwa miaka miwili nilimpima kila mjamzito wayo na kimo, kisha nikaandika daftarini alivyojifungua. Wale ambao mtoto aliwakwamia njiani walikuwa na nyayo fupi kuliko wenzao. Nikafanya hesabu niliyofundishwa chuoni, ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, ikaonyesha kwamba tofauti ile haikuwa bahati tu. Daktari wa wilaya akafurahi. Akataka kila zahanati itundike kanuni yangu: mwenye wayo mfupi apelekwe hospitali, mwenye wayo mrefu azalie nyumbani. Nikamwomba anipe ruhusa nimwonyeshe kwanza Bi Nakato, mwalimu wa takwimu wa Kampala aliyewahi kuja Mombasa kutufundisha.

Miaka ile wanajeshi walikuwa wakitawala Uganda, lakini treni ya Mombasa ilikuwa ingali inafika. Baada ya Malaba, mpakani, abiria walipunguza mazungumzo. Jinja tulivuka Mto Naili, nikasimama dirishani mpaka daraja likaisha. Sikuwa nimewahi kuona maji mengi namna ile yakienda pamoja.

Stesheni ya Kampala nilipokewa na kaka yangu Hamisi, fundi wa reli, akanipeleka kwake kwenye nyumba za reli Nsambya. Tulikunywa chai isiyo na sukari.

"Dada, ukisimamishwa njiani, jibu kwa ufupi," aliniambia. "Usieleze sana."

Asubuhi nilishika njia ya Kyebando, upande wa kaskazini, alikokaa Bi Nakato. Kwenye kizuizi, askari mmoja alifungua mkoba wangu akatoa daftari.

"Kitabu hii ya nini? Namba mingi sana. Wewe nahesabu askari?"

"Ni nyayo, afande. Mimi ni mkunga. Napima wayo nijue nani atazaa kwa shida."

Alifunua kurasa polepole. Nilidhani analitafutia kosa, kumbe alikuwa na lake.

"Bibi yangu iko na mimba," alisema kwa sauti ya chini. "Iko mufupi, lakini mguu yake mukubwa. Atazaa muzuri?"

Niliogopa, na pia, niseme kweli, nilijivuna. "Kwa kipimo changu atazaa salama, hata nyumbani."

Akanirudishia daftari, akaniruhusu kupita.

Kyebando, mchana. Bi Nakato alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wenzake wengi chuoni walikuwa wamekimbia nchi, na wengine hawakujulikana walipo. Yeye alibaki akifundisha madarasa ya watu watatu. Alisoma hesabu yangu yote.

"Nyabo, umehesabu vizuri," alisema mwishoni, akiniita mama kwa Kiganda. "Lakini swali ni ingine. Wastani unasema juu ya kundi. Anayekuja mlangoni kwako ni kundi?"

"Ni mama mmoja."

"Basi tumuulize huyo mmoja."

Alichora mraba, akaugawa vyumba vinne: waliokwama na wasiokwama, ambao kanuni ingewaonya na ambao isingewaonya. Tukawapanga akina mama wangu mmoja mmoja. Chumba cha waliokwama bila kuonywa kilijaa. Zaidi ya nusu ya waliopata shida, kanuni yangu ingewaacha nyumbani. Nililitazama daftari langu kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

"Na kimo? Tukiwaonya wafupi wa kimo, tutashinda wayo?" niliuliza.

"Umepima vyote kwa mama yule yule, kwa hiyo usitumie hesabu ya makundi mawili tofauti. Chukua waliokwama tu. Pale wayo na kimo vilipokubaliana, weka pembeni, hapo hujui nani bora. Baki na pale vilipobishana. Kama vina uwezo sawa, kila kimoja kitashinda karibu nusu, kama kurusha shilingi."

Miaka yangu miwili ikabaki kurasa chache mezani, na kurasa hizo ndizo zilizokuwa na jibu. Karibu zote zilikuwa za wanawake wafupi wenye nyayo ndefu. Kimo kiliwaona, wayo haukuwaona. Nilistaajabu. Halafu nikamkumbuka mke wa yule askari.

Alasiri nilirudi kwenye kizuizi kwa miguu yangu mwenyewe. Askari alikunja uso aliponiona.

"Afande, asubuhi nilikosea. Mkeo asizalie nyumbani. Mpeleke hospitali mapema, kabla uchungu haujaanza."

"Wewe nadanganya mimi asubuhi?"

"Sikudanganya. Sikujua."

Alishika mkanda wa bunduki. "Nenda," alisema. Alipofikiri simwoni, alimwita mwenzake ashike zamu yake, akaondoka haraka. Sikujua mkewe alijifungua vipi. Siku ya pili yake nilipanda treni.

Kwale nilimkuta daktari ameshapigisha chapa kanuni. Nikamchorea vyumba vinne, nikamweleza nilichojifunza: kabla ya kuchagua hesabu, ni lazima nijue ni nani atakayeumia nikikosea. Kisha nikachukua kalamu yake, nikafuta neno wayo, nikaandika kimo, na sehemu ya wengine kuzalia nyumbani nikaikata yote.

"Umepima nyayo miaka miwili," alisema, "nawe unazifuta?"

"Ndiyo, daktari," nikamwambia, nikamrudishia kalamu yake.