Suruali ya Dereva Mstaafu

Yule dereva mstaafu hanunui suruali kwa macho. Kwenye meza ya mitumba ya Evelina, pale Nzuguni, aliifinya moja ya kitani kilichochanganywa na pamba ndani ya kiganja chake chenye sugu, akaiachia, kisha akaipuliza aone kama pumzi inapenya. Za tetroni alizisukuma kando. Anajua zinavyoganda mapajani jua likishawaka. Akaivaa ile ya kitani juu ya bukta, akaketi kwenye kigoda, akakanyaga klachi isiyokuwepo. Ikambana gotini.

“Lete pana zaidi.”

“Babu, si umesema safari hii ya Dar unaendeshwa na mwanao?” Evelina aliuliza.

“Naendeshwa,” alijibu, unyayo bado umekandamiza vumbi. “Ila huu mguu haujakubali. Lete pana.”