Majina Mawili Kileleni mwa Storžič

Kwa miaka kumi na saba chama chetu kimemsikia Milojka Bratož akiuliza swali lilelile: "Ushahidi uko wapi?" Amewauliza wanafunzi wanaokuja kuomba ufadhili wetu, amewauliza maprofesa wao, na hata muuza mboga wa soko la jiji letu la Ljubljana aliyemwapia kwamba figili zake zimeng'olewa asubuhi ileile. Maisha yake ya kazi aliyamaliza nyuma ya kaunta ya duka la dawa, akipima unga wa dawa kwa miligramu. Alipostaafu hakuacha kupima.

Chama chetu ni kidogo. Kila mwaka kinamsomesha mwanafunzi mmoja anayetafiti historia ya watu kama sisi: wanawake waliopenda wanawake, wanaume waliopenda wanaume, na watu walioishi kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikishwa walipozaliwa. Viongozi ni watatu na hakuna anayelipwa. Milojka ni mwenyekiti. Ciril Hafner, ambaye zamani alikuwa akipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na ambaye ameishi na mpenzi wake fundi saa kwa miaka arobaini, anatunza makabati ya nyaraka. Mimi nilipata ufadhili huo miaka miwili iliyopita, na sasa ni katibu. Tunakutana Jumanne alasiri katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya fundi viatu. Ciril huleta mkate mtamu wa jozi. Milojka huulalamikia kwamba una sukari nyingi, kisha hula vipande vitatu.

Utaratibu wa kusoma maombi aliuweka yeye. Ombi linasomwa kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, kalamu zote zikiwa mezani. Anayelipinga anaandika sababu kwa mkono wake katika daftari la mikutano kabla ya Jumanne inayofuata. Kumkataa mtu bila kumwambia sababu, alisema siku ya kwanza, ndiko tulikofanyiwa sisi, na hapa hakutafanyika.

Mwaka huu ombi lililotuamsha lilikuwa la Tinkara Golob, binti wa miaka ishirini na minne kutoka mji wa Celje. Alikuwa amepanda darini kwa chama kimoja cha wapanda milima na kusoma madaftari ya zamani ya vileleni, yale yanayokaa ndani ya sanduku la bati pamoja na muhuri. Mtu akifika juu anaandika jina na tarehe, anagonga muhuri kwenye kijitabu chake, kisha anateremka kunywa supu ya maharage. Maelfu ya majina. Lakini katika madaftari ya mlima Storžič, Tinkara aliona majina mawili ya kike yaliyorudi pamoja kila Jumapili ya kwanza ya Septemba, kuanzia mwaka 1970 hadi 1982: Miška na Zofka. Hayakuwa na jina la ukoo wala anwani. Alitaka kujua hao walikuwa nani, na waliwezaje kuandika mapenzi yao mahali ambapo kila mtu angeyasoma na hakuna ambaye angeyaona.

Niliposoma hayo majina, Milojka aliacha kutafuna. Nilipomaliza alisema neno moja tu: "Napinga."

Ciril alimtazama kana kwamba amekosea chumba. "Wewe bibi, unapinga nini? Mtoto wa watu kameza vumbi la miaka hamsini."

"Ushahidi wake si imara."

"Basi andika."

"Nitaandika."

Akalitia daftari la mikutano katika mkoba wake na kwenda nalo nyumbani. Kabla ya hapo daftari hilo halikuwahi kutoka chumbani humo hata siku moja.

Wiki ile mimi na Ciril hatukuzungumza lingine. Ciril alikumbuka kwamba Milojka alikuwa mpanda milima hodari kabla goti halijamharibikia, na kwamba hakuwahi kumtaja mtu yeyote aliyepanda naye. Tukajiona tumeelewa. Miška ni yeye, jina la utani la Milojka, tukasema, na anaona haya. Lakini haya ya nini? Huyu ndiye mwanamke aliyesimama mbele ya waandishi wa habari mara ngapi sijui, akajitaja kwa jina lake kamili. Tulikuwa na jibu, ila halikulingana na mtu tuliyemjua.

Alhamisi Tinkara alinipigia simu. Chuo kilikuwa kinasubiri jibu lake hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Asipopata ufadhili atarudi kupokea wageni katika nyumba ya wageni ya baba yake, na baba alikuwa ameshamwandika kwenye zamu za Julai. Aliuliza kama kuna kosa alilofanya. Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Jioni hiyo Milojka aliniagiza nimwite Tinkara kwenye kikao.

Jumanne Tinkara alikuja na begi mgongoni, akakaa ukingoni mwa kiti. Milojka alifungua daftari na kuligeuza tulione wote. Alikuwa ameandika mstari mmoja: *Napinga kwa sababu majina manne kati ya hayo ni ya uongo.*

"Yapi?" Ciril akauliza.

"Zofka. Tangu sabini na tisa mpaka themanini na mbili."

Nilitarajia Tinkara ashtuke. Badala yake aliinamisha kichwa. "Najua, mama," alisema. Akatoa picha alizopiga za kurasa hizo na kuzipanga mezani. Hadi 1978 majina yaliandikwa na mikono miwili, mmoja wa haraka, mwingine wa duara kama wa mtoto wa shule. Baada ya hapo mkono ulikuwa mmoja, ukijitahidi kuiga ule wa duara.

"Mbona hukuandika hivyo kwenye ombi?"

"Niliogopa mtasema ushahidi wangu umevunjika."

"Umevunjika kweli," Milojka alisema. "Nimeuvunja mimi."

Kisha akatueleza, kwa sauti ileile anayotumia kusoma ajenda. Zofka Remec alikuwa mkata tiketi wa reli. Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu mwezi Machi 1979. Mazishini Milojka alisimama nyuma kabisa, katikati ya watu wa reli, na mmoja wao akamuuliza yeye yuko stesheni gani. Septemba akapanda Storžič peke yake. Aliandika jina lake, Miška, akauona mstari wa chini yake uko wazi, na akaujaza.

"Na miaka iliyofuata?" Tinkara aliuliza.

"Ningeuacha wazi, ningekuwa nimemzika mimi mwenyewe."

"Na 1983 ilikuwaje?"

"Goti."

Ciril alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. "Miaka kumi na saba unatutesa na ushahidi, kumbe mghushi wa nchi nzima tunaye hapahapa."

"Ndiyo maana waghushi nawajua," Milojka alimjibu.

Tinkara aliuliza kama anaruhusiwa kuandika jina halisi la Miška. Milojka alisema aandike Milojka Bratož, muuza dawa, na aieleze miaka ile minne kama ilivyokuwa. "Lakini usichukue neno langu. Bibi wa miaka sabini na mitatu anaweza kukusimulia chochote." Akafungua mkoba na kutoa vijitabu viwili vya mihuri, vimekunjika kwa kukaa mfukoni. Chake kilikuwa na muhuri wa Storžič kila Septemba hadi 1982. Cha Zofka kiliishia Septemba 1978.

"Hicho nilipanda nacho miaka yote minne," alisema. "Muhuri nilikuwa nao mkononi. Sikuugonga."

"Jina uliandika," Tinkara alisema polepole. "Muhuri ukakushinda. Kwa nini?"

Milojka alikisogeza kijitabu cha Zofka mbele ya Tinkara.

"Kwa sababu hakufika," alisema.

Tinkara alinakili tarehe ya muhuri wa mwisho kwa penseli, kisha akaomba ruhusa ya kupiga picha ukurasa uliofuata, ule mtupu. Milojka alikataa kupiga kura, akisema mtu hajipimii dawa yake mwenyewe, kwa hiyo tulipiga mimi na Ciril, na ombi likapita. Halafu akalivuta daftari na kuandika chini ya mstari wake: *Pingamizi limeondolewa. Ushahidi umeonekana.* Akatia sahihi, jina moja, lake, na kuusogeza mkate karibu na Tinkara.