Usione Haya, Ukurasa wa Tatu

Katika kaunti yetu hakuna mwandishi anayesambazwa kunishinda mimi. Kila mwaka majani yakianza kupukutika, kazi yangu huingia katika nyumba elfu ishirini na nne, bure, wenye nyumba watake wasitake. Jina langu halimo humo hata kwa herufi ndogo. Aliyemo ni Mheshimiwa Delbert Rhoads, mbunge wetu katika bunge la jimbo la Pennsylvania, yeye na picha zake kumi na moja: Mheshimiwa na boga, Mheshimiwa na wazima moto, Mheshimiwa akichomwa sindano ya mafua huku anachekelea utadhani anapewa zawadi.

Jarida linaitwa Habari za Msimu wa Majani. Nimeliandika miaka kumi na tisa, chini ya wabunge watatu. Wa kwanza alistaafu, wa pili aliangushwa kwenye kura, na huyu wa tatu bado namfundisha kutofumba macho mbele ya kamera. Mimi ndiye ninayewaambia watu wapi pa kutupa dawa zilizopitwa na wakati, gari la kusaga karatasi za siri litasimama lini nyuma ya ofisi, na sikukuu ya wazee itafanyika ukumbi gani. Na mimi ndiye mwenye ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa tatu ni wa msaada wa joto. Humo mtu wa kipato kidogo anaelezwa jinsi ya kupata makaa ya mawe au mafuta ya kupashia nyumba joto, na jinsi ya kutengenezewa tanuri likiharibika. Kila mwaka naufungua kwa maneno yaleyale: "Usione haya. Msaada huu uliwekwa kwa ajili yako. Piga simu leo." Nilikuwa na tabia ya kuyasoma kwa sauti ofisini kabla ya kuyapeleka kwa mpiga chapa, na kuna mwaka, Mungu anisamehe, yalinitoa machozi.

Basi wiki ileile niliyokuwa nasahihisha ukurasa huo, tanuri langu likafa.

Ni tanuri la makaa ya mawe, liko chini ya nyumba, na limetupasha joto tangu Leon na mimi tulipooana. Fundi alishuka kulitazama, akapanda ngazi huku anatikisa kichwa. Halitengenezeki, akasema, ni kununua jingine. Sisi hatukuwa na uwezo wa kununua jingine. Leon alipigwa na kiharusi mwaka juzi, kikamwachia upande mmoja wa mwili na maneno ya kuhesabika kwa vidole, na mimi tangu hapo nafanya kazi siku tatu tu kwa wiki ili nimwangalie. Tulikuwa tunastahili msaada, hilo halikuwa na ubishi. Jedwali la wanaostahili nimelichora mwenyewe, rangi ya machungwa, pembeni nikaweka jani la mwaloni.

Mtu mwenye akili angepiga simu. Namba naijua kwa moyo, nimewasomea watu maelfu. Lakini ofisi yetu ina meza mbili, yangu na ya mwenzangu Marisol Peguero, na fomu zinajazwa pale. Kule kaunti nako wananijua sauti. Nilijisikia kabisa nikisema, "Habari za leo, ni Thea Wasko wa ofisi ya Mheshimiwa," na Bwana Edgar, anayepokea maombi kule, akijibu kwa uchangamfu wake, "Enhe, Thea, leo umeniletea nani?" Hapo ulimi uliganda. Nikajiambia bado kuna jua la mchana, nikajiambia tusubiri kidogo, nikanunua hita ndogo ya umeme na kuiweka jikoni.

Leon nikamhamishia jikoni, na koti lake, na blanketi mbili. "Uko sawa, Leon?" nilimuuliza kila asubuhi. "Sawa," alinijibu. Lilikuwa mojawapo ya maneno machache yaliyomrudia, nami nililishikilia kwa sababu lilinifaa.

Sasa, mtu wa mji mwingine angeficha jambo hili kirahisi. Hapa kwetu, kwenye miji ya makaa, haiwezekani. Kila Alhamisi watu wanatoa ndoo za majivu kando ya barabara, na lori la manispaa linapita kuyakusanya. Ukitaka kujua nani amewasha tanuri na nani bado, tembea tu mtaani Alhamisi asubuhi. Mwanzoni mwa Oktoba ndoo zilianza kutoka moja moja. Wiki ya pili mtaa mzima ulikuwa na ndoo, isipokuwa kwangu.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na majivu ya mwezi wa Aprili, yale tunayoyaweka akiba ya kumwaga kwenye ngazi barafu ikishika. Nikayajaza kwenye ndoo ya bati, nikayatoa nje. Dakika chache kabla ya lori kufika, nikayarudisha ndani. Alhamisi iliyofuata nikayatoa tena majivu yaleyale. Mimi, mshauri wa nyumba elfu ishirini na nne, nilikuwa na ndoo moja ya majivu ninayoitembeza nje na ndani kama mbwa. Na nilijiona mjanja! Nilifika hata kuyamwagia maji kidogo juu, yaonekane mapya.

Alhamisi ya nne nikachelewa. Mheshimiwa alinipigia simu saa moja asubuhi kulalamika kwamba jarida limefika majumbani na kwenye picha ya boga anaonekana mnene.

"Bi Thea, mimi niko hivyo kweli?"

"Ni boga hilo, Mheshimiwa. Linakuzidishia."

"Basi mngenipa boga dogo, jamani!"

Nilipokata simu lori lilikuwa limeshapita na majivu yangu yote. Nilisimama barabarani na ndoo tupu, nikayaombolezea majivu.

Wiki iliyofuata nikafanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka nafunika uso. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Olga Hudock, mjane, mpishi wa pierogi za kanisani, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Olga hutoa ndoo mbili kila Alhamisi, alfajiri, kisha hurudi ndani kunywa kahawa. Nikaona akizitoa. Nikavaa viatu vyangu vya kazini, nikachukua koleo dogo na ndoo. Ndoo ya bati ingepiga kelele, kwa hiyo nikachukua ya plastiki, ile ya kupigia deki. Nikainama kwenye majivu ya Olga na kuanza kuchota.

Baba yangu alichimba makaa miaka thelathini na moja. Nimezaliwa kwenye majivu. Na ukurasa wa tano wa jarida lililokuwa kwenye kila meza ya mtaa ule unasema, kwa maneno yangu mwenyewe ndani ya kisanduku chekundu: "Kamwe usiweke majivu mapya kwenye chombo cha plastiki." Nilikuwa katikati ya njia, kati ya mlango wake na wangu, nilipohisi ndoo imekuwa nyepesi ghafla. Kitako kilikuwa kimeyeyuka. Majivu yalinishukia viatuni pamoja na makaa mawili matatu mekundu, na mimi nikaanza kuruka pale barabarani, koleo mkononi.

Mlango wa Olga ukafunguka. Alikuwa na kikombe chake cha kahawa, na nywele ziko kwenye vibanio.

"Shoga," akasema, "nimeishi kuona watu wakiiba makaa. Wakati wa mgomo wa wachimbaji hata mama yangu aliiba. Lakini majivu?"

"Nilikuwa nataka... ya kumwaga kwenye ngazi."

"Barafu iko wapi?"

 Olga akateremka, akayakanyaga yale makaa mekundu kwa viatu vyake vya mpira, halafu akanisogelea.

"Ukuta wetu ni mmoja, Thea. Kila mwaka upande wako ukinipa joto, mimi najua umewasha. Mwaka huu nikiugusa ni baridi ya kaburi. Wiki tano nangoja uniambie. Wiki tano nakutazama ukibeba majivu ya zamani kama mwanasesere. Nikasema ngoja, ataona aibu mwenyewe."

"Nimeona," nikasema.

"Leon yuko wapi?"

"Jikoni. Anasema yuko sawa."

"Leon hata ukimkata mguu atasema yuko sawa! Wewe ndiye mkewe, hujui?" Akaingia ndani mwake, akatoka na jarida langu, limekunjwa ukurasa wa tatu. Nikajua linalokuja, nikamwomba asisome. Akasoma, kwa sauti ya kanisani, mtaa mzima usikie: "Usione haya. Msaada huu uliwekwa kwa ajili yako. Piga simu leo." Akanisukumizia kifuani. "Nani kaandika upuuzi huu?"

Saa tatu nilikuwa ofisini. Haikuwa siku yangu ya kazi. Marisol aliinua macho, akaniona na viatu vyenye matundu ya moto, akasema, "Mama Thea, kuna nini? Mzee yuko salama?"

Nilizunguka meza yangu bila kukaa nyuma yake. Nikakaa kwenye kiti cha wananchi, ambacho sikuwahi kukikalia miaka yote hiyo, na ni kiti kibaya, kinakuweka chini ukimtazama mwenzako kwa kumwinulia shingo.

"Nataka fomu ya joto," nikasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

 Marisol alitoa fomu, akaanza na maswali, kwa upole uleule anaompa kila mtu, na mimi nilitamani anitukane. Nani anaishi kwenye nyumba hiyo? Mimi na mume wangu. Ana maradhi? Ana kiharusi. Tanuri limeharibika tangu lini? Nikamtajia tarehe. Kalamu yake ikasimama, kisha ikaendelea. Halafu tukafika swali la mwisho, ambalo si la kaunti. Nililiongeza mimi, zamani, nipate maneno ya wananchi ya kunukuu jaridani: Kwa nini hukuja mapema?

Majibu ya swali lile yalikuwa yakiniudhi. Mwaka baada ya mwaka, mwandiko tofauti, jibu moja: niliona haya, niliona haya. Nilikuwa nikiyasoma na kumwambia Marisol kwamba watu hawa tatizo lao hawasomi.

"Hilo naweza kuliruka, mama," Marisol akasema.

"Usiliruke. Andika."

Akaandika. Akampigia Bwana Edgar palepale, akataja jina langu bila kushusha sauti wala kuipandisha. Fundi atafika kesho, akaniambia, na tanuri la muda litakuja naye.

Nilirudi nyumbani. Leon alikuwa mezani jikoni, blanketi mabegani, mkono wake mzima umeuzungusha kwenye kikombe ambacho chai yake ilikuwa imeshapoa. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikamweleza yote, majivu, Olga, kile kiti. Nilidhani atacheka. Kabla ya kiharusi angecheka mpaka ashike mbavu.

"Nimeomba msaada, Leon," nikasema. "Kesho wanakuja."

 Midomo yake ilihangaika upande mmoja, ikitafuta, na nikangoja ile "sawa" yake. Haikuja.

"Baridi," akasema. Machozi yakamtoka. "Baridi sana, Thea."

Neno hilo alikuwa nalo siku zote.